Sasso, Kuroiler au wa mayai? Mwenye mitetea 14 anauliza aongeze kuku gani

SWALI

Ndugu washauri, poleni na kazi. Naishi Ikungi, mkoani Singida. Nyuma ya nyumba nina nusu eka, banda la tofali za udongo lenye mita 3 kwa 4, mitetea 14 wa kienyeji na jogoo mmoja wa ukoo wa Kuchi, anayefukuza hata watoto. Tumevunja kikoba na mimi nimepata Sh 900,000. Nataka kuziweka kwenye kuku ili nyumbani tule mayai na ada ya shule itoke hapohapo.

Shida ni ushauri, umezidi. Shemeji anasema kuku wa nyama, eti wiki sita tu hela imerudi. Jirani ana kuku wa mayai na kila asubuhi namwona anatoka na trei. Wakala wa vifaranga anasema chotara aitwaye Sasso ndiye mwisho wa maneno, kifaranga wa siku moja Sh 2,300. Mwenzake upande wa pili wa barabara anasema Sasso ana tumbo kubwa, chukua chotara mwingine, Kuroiler.

Mwaka jana nilinunua chotara 60 wa mwezi mmoja mnadani. Siku ya tisa wakaanza kusinzia, kinyesi kikawa cha kijani, wengine shingo zikapinda wakawa wanatazama juu. Ndani ya wiki mbili walikufa 51, na kienyeji 17 wakaondoka nao. Mume wangu amehitimisha kwamba chotara hawaiwezi hali ya hewa ya huku.

Bei za hapa: chakula cha kuku wa mayai ni Sh 65,000 gunia la kilo 50, trei ya mayai ya kisasa Sh 9,000, yai la kienyeji Sh 500, jogoo mkubwa wanaopakia matenga ya Dar wanamchukua kwa Sh 20,000. Nichague nani? Nikinunua mara moja, naweza kuendelea kutotolesha mwenyewe? Na huyu Kuchi nimfanyeje?

Mama wa mitetea 14, Ikungi

JIBU

Dada, tumwanzie mume wako. Kusinzia, kinyesi cha kijani, kisha shingo kupinda: hicho ni kideri, wengine mnakiita mdondo. Hali ya hewa ya Ikungi haina kesi hapo. Kirusi hukaa mwilini siku mbili hadi kumi na tano, mara nyingi tano au sita, kabla kuku hajaonyesha dalili. Kwa hiyo vifaranga wako ama walitoka nacho mnadani, ambako kuku wa vijiji kumi hulala tenga moja, ama walikikuta uani kwako. Na wale kienyeji 17 wanamaliza ubishi. Kama tatizo lingekuwa uchotara, wenyeji wangebaki wanachakura.

Tunalitanguliza hili kwa sababu hakuna mbegu ya kuku inayohimili kideri bila chanjo. Hata zile sifa za Sasso na Kuroiler unazozisikia zina sharti ambalo wauzaji hawalitaji. ACGG, mradi wa utafiti wa kuku ulioanza mwaka 2014 chini ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, uliwapeleka kuku hao kwenye kaya za vijijini Tanzania, lakini wafugaji walikabidhiwa kuku wa wiki sita, walioshalelewa kwenye joto na kuchanjwa. Sifa zile ni za kuku aliyekwishavuka daraja. Ukinunua wa siku moja, daraja unalivusha wewe.

Sasa mbegu. Washauri wako wote wamekueleza kuku anatoa nini. Hakuna aliyekueleza anakula cha nani, wala wa kumrithi atatoka wapi. Kwa mwenye nusu eka, hayo mawili ndiyo yanayochagua kuku.

Wa shemeji tusikae naye sana. Kuku wa nyama (Cobb, Ross na wenzao) hula kama kilo tatu na nusu hadi nne za chakula cha dukani kwa wiki tano au sita, na akishaiva lazima aondoke, kwa sababu kila siku ya ziada anakula chakula kingi kwa nyama kidogo. Kama hakuna mwenye banda la chipsi mjini aliyekupa oda kabla hujanunua vifaranga, mwache shemeji afuge wake.

Kuku wa mayai wa jirani anastahili hesabu. Isa Brown, Hy-Line na Lohmann hutaga mayai 300 na zaidi kwa mwaka wakilishwa inavyotakiwa. Kila mmoja hula kama gramu 115 kwa siku, yaani kilo 42 kwa mwaka. Ukiwa nao 30, watakula kilo 3.45 kwa siku. Kwa bei yako hiyo ni karibu Sh 4,485. Wakitaga asilimia 80, unaokota mayai 24, Sh 7,200. Hapo kuna faida ya Sh 2,700 hivi, ukiacha gharama za kuwakuza. Lakini tazama chini yake: wakishuka hadi mayai 15, mapato ni Sh 4,500. Unabadilishana hela na mwenye duka la chakula. Na kushuka hakuhitaji ugonjwa. Maji yakikatika siku nzima, gunia likija na mahindi yenye sumukuvu, au ukiishiwa hela ukawalisha pumba tupu wiki moja, wanashuka. Kuku huyu ameumbwa kula gunia. Ukimwachia uani achakure anakonda na mayai yanakwisha. Haatamii, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi unamuuza na kununua upya. Kwa jirani mwenye mtaji wa kuzungusha ni biashara. Kwa wako wa kuanzia, tungesubiri.

Chotara sasa, Sasso na Kuroiler. Sasso chimbuko lake ni Ufaransa, Kuroiler ni India, alikotengenezwa miaka ya 1990 kwa ajili ya ua wa nyumba ya kijijini. Hapa nchini wote wawili wanatotolewa. Kwa matunzo ya ua wako tofauti yao ni ndogo kuliko kelele za mawakala wawili. Sasso huongeza uzito kwa kasi kidogo zaidi na ni mpole. Kuroiler ni mchangamfu zaidi wa kujitafutia na rangi zake za mchanganyiko hazimpi mwewe shabaha rahisi. Jogoo hufika kilo mbili na nusu hadi tatu kwa miezi minne akila vizuri. Mtetea, akitunzwa, hutaga 150 hivi kwa mwaka, wengine zaidi.

Chukua mitetea 18 wa chotara. Ukiwalisha chakula ulichochanganya mwenyewe, tukikadiria Sh 800 kwa kilo na gramu 120 kwa kichwa, ni Sh 1,728 kwa siku. Wakitaga mayai 8 tu na ukauza Sh 400 (usiyaite ya kienyeji, mteja atakuja kujua), ni Sh 3,200. Zinabaki Sh 1,472. Gawa kwa kichwa: chotara anakuachia Sh 82, wa mayai Sh 90. Pengo ni shilingi nane. Ila chotara sehemu ya chakula chake anaichakura mwenyewe na chakula kikipungua hafi moyo, halafu ana kaka zake wa kuuza kwa Sh 20,000. Kwa hiyo sisi tunakuambia chotara, lakini si 200. Arobaini.

Kabla ya hao 40, tuwatetee wale 14 ulionao, maana tunaona kwenye barua umewataja kama samani. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha anaatamia, mara tatu hivi kwa mwaka. Kwa mayai ameshindwa kabla ya kuanza. Ila anajua kitu ambacho Sasso, Kuroiler na Isa Brown karibu wamekisahau: kukaa juu ya mayai siku 21 na kulea. Hiyo ni mashine ya kutotolesha isiyokatikiwa umeme. Wachunguze, wachague sita au saba wanaoatamia bila kuacha kiota na wanaorudi na vifaranga wengi jioni; hao usiwauze kwa bei yoyote. Kama kuna kishingo kati yao, mbakize pia, shingo ile tupu humsaidia kupoa jua linapokaza.

Mpango wenyewe ni huu. Nunua vifaranga 40 mapema Agosti. Mashudu ya alizeti huwa bado ya bei nzuri baada ya mavuno, na majogoo watafikisha wiki 16 Disemba inapoanza, matenga ya Dar yanapojaa. Kiangazi ndicho msimu wa kideri, kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya vifaranga kuja, chanja kienyeji wote 14 na huyo Kuchi siku moja. Chanjo ya I-2 inatengenezwa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA. Inavumilia joto kuliko nyingine, lakini kuvumilia si kuanikwa juani: ibebe kwenye kitambaa kibichi. Tone moja, jicho moja, subiri kuku apepese ndipo umwachie. Rudia kila miezi mitatu bila kusubiri kusikia kuku wanakufa kijiji cha pili, maana kinga huhitaji wiki mbili kujengeka.

Kwenye kununua, usirudi mnadani. Agiza kwa wakala anayekupa risiti yenye jina la kiwanda cha kutotolesha na tarehe, na muulize kama wamechanjwa Mareksi (ugonjwa wa kirusi unaopoozesha kuku) siku ya kwanza. Hiyo hufanyika kiwandani, wewe huwezi kuifidia baadaye. Kuna ujanja mmoja uujue. Kuku wa mayai wa kahawia wakitotolewa, majike huwa na rangi ya kahawia na madume ya njano iliyopauka. Madume hayo hayana kazi kiwandani, na huishia mitaani yakiuzwa bei ya kutupa kwa jina la chotara. Ukiona boksi zima ni njano iliyopauka na bei ni nusu, jiulize. Ukiwachukua, wiki ya nane watakuwa na upanga mwekundu kichwani na kifua kama kisu, na hutauza jogoo wa Sh 20,000 humo.

Wiki nne za kwanza ndizo zinazoua au kuponya. Zungushia mabati laini au maboksi duara lenye kipenyo cha mita 1.2 ndani ya banda, mwaga maranda sentimita tano, washa jiko la mkaa saa mbili kabla vifaranga hawajafika. Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza tatu kila wiki. Usipokuwa na kipimajoto, waangalie wao: wakijibana karibu na jiko wanasikia baridi, wakikimbilia ukingoni wakiachama midomo wanaungua, wakitapakaa na kula umepatia. Mkaa uwake nje mpaka moshi uishe ndipo uingie, na juu ya ukuta pawe na upenyo, kwani hewa ya mkaa huwaua kimyakimya usiku na asubuhi utalaumu mbegu. Kienyeji wasiingie humo hata kwa bahati mbaya.

Chanjo zao: siku ya 7 kideri, siku ya 14 Gumboro (ugonjwa unaovunja kinga ya vifaranga), siku ya 21 kideri, siku ya 28 Gumboro, kisha ndui kwenye bawa kati ya wiki ya sita na ya nane. Ile ya Gumboro huwekwa kwenye maji. Tumia ya kisima au ya mvua, ya bomba yenye klorini huiua chanjo kabla haijanywewa. Ukiona damu kwenye kinyesi wiki ya tatu au ya nne, ni koksidiosisi: maranda yamelowa. Toa yaliyolowa, inua chombo cha maji kifike usawa wa mgongo wa kifaranga, na mwone mtaalamu wa mifugo akupe amproliamu.

Chakula cha kuanzia nunua cha dukani, usijaribu kuchanganya. Kwa wiki nane hawa 40 watamaliza kilo 100 hivi, magunia mawili. Kuanzia hapo changanya mwenyewe. Kwa kilo 100 za mitetea inayotaga na inayotoka nje: mahindi yaliyobarazwa kilo 45, pumba za mahindi 20, mashudu ya alizeti 20, dagaa waliosagwa 7, chokaa ya mifugo 6, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) 1.4, chumvi gramu 350, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 250. Kwa wale ambao hawajafika wiki 16, chokaa hiyo ya kilo 6 ishuke hadi 1 na pengo lijazwe na pumba, kwani chokaa nyingi huharibu figo za kuku asiyetaga. Usishawishike kuondoa dagaa kwa sababu mashudu unayo mengi. Mashudu ya alizeti yana protini lakini ni maskini wa laisini, sehemu ya protini ambayo kuku hawezi kujitengenezea, na dagaa ndiye anayeziba. Dagaa wenyewe mpime: tia ngumi moja kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika mbili. Kinachotulia chini kikiwa mchanga wa unene wa kidole, umeuziwa ufukwe. Mahindi yenye ukungu usimpe kuku kwa hoja kwamba watu hawayali.

Kwa mahesabu yetu vifaranga ni Sh 92,000, magunia mawili ya kuanzia takribani Sh 140,000, na kilo 260 hivi za kuchanganya mpaka mitetea ianze kutaga Januari ni Sh 208,000. Weka Sh 80,000 za chanjo, mkaa na vyombo. Jumla ni Sh 520,000. Zilizobaki, Sh 380,000, zisiguswe. Zikae pembeni ziwe akiba ya chakula endapo yai litachelewa. Wafugaji wengi wa chotara hawaangushwi na ugonjwa. Huishiwa hela ya chakula wiki ya kumi na mbili, wakauza mitetea iliyobakiza miezi miwili itage.

Kati ya 40, tukisema wamefika 36, nusu ni majogoo. Uza majogoo 16 mwezi wa Disemba, ni Sh 320,000. Wawili bakiza, na hapa ndipo tunajibu swali lako la kutotolesha.

Sasso na Kuroiler si mbegu safi. Ni watoto wa mistari tofauti ya wazazi, na wazazi hao wanafugwa na kampuni. Ukimpandisha Sasso kwa Sasso, wajukuu wanatawanyika: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja anawahi kutaga, mwingine anachelewa, na kizazi cha tatu hutajua tena unachofuga. Anayetaka kuku ambaye mtoto atafanana na mama angetafuta Australopu, yule mweusi ambaye wengi humwita kuku Malawi, au Rhode Island Red. Hao ni mbegu safi kweli, ila uhakikishe unapata wasio wa ukoo mmoja.

Kwako kuna njia nyepesi zaidi. Majogoo wako wawili wa chotara wapande wale kienyeji. Jogoo mmoja huwatosha mitetea 8 hadi 10. Watoto watakuwa wazito kuliko mama, na majike wengi watakumbuka kuatamia. Jogoo akiwa mzito sana huwachana mitetea mgongo, kwa hiyo wakati wa kubakiza chagua wa uzito wa kati mwenye miguu iliyonyooka, na msugue kipi, ule mwiba wa mguuni, kwa msasa kikianza kuwa kirefu. Baada ya mwaka mmoja na nusu waondoe hao majogoo, ulete wengine kutoka nje, la sivyo baba atapanda binti zake.

Ukiatamisha na mayai ya mitetea ya chotara, hayo ni makubwa. Chini ya kienyeji weka 8 hadi 10, asipewe 13 kama ya kwake. Ukitaka vifaranga wengi wa umri mmoja, anayeanza kuatamia mapema mpe mayai mawili ya uongo akalie, kusanya ya wengine mahali pa baridi kwa siku zisizozidi saba, ncha nyembamba ikitazama chini, kisha siku mitetea minne ikishakaa wape wote usiku mmoja. Wakitotoa, vifaranga wote wape mama wawili. Wawili waliobaki wapumzike, baada ya wiki tatu au nne wataanza kutaga tena badala ya kuzunguka na watoto miezi miwili.

Sasa huyo Kuchi. Ni kuku wa thamani, mrefu, mzito, wanunuzi wa Dar wanampenda. Ila ukoo wake hautagi sana, na akikuta majogoo wadogo wawili uani atawapasua. Muuze Disemba pamoja na wengine, kwa bei yake peke yake, asitiwe kwenye fungu la chotara. Mayai yatakayotagwa wiki tatu za kwanza baada ya yeye kuondoka yaleni au yauze, yasiatamiwe. Mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo tumboni hadi wiki mbili, tatu, na ukifanya haraka utatotolesha watoto wa Kuchi ukidhani ni wa chotara.